Mume Kajifunika Mablanketi Mawili, Mimi Natiririka Jasho

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mama wa miaka 52, nakaa Uyole hapa Mbeya, nina watoto wanne na wajukuu wawili. Nauza nguo za mitumba Mwanjelwa. Siku zangu zilikata mwaka jana mwezi wa tano. Sikushtuka, kwani hata marehemu mama alikata akiwa na umri kama wangu. Kilichonishtua ni kilichofuata.

Mama, unajua Julai ya huku ilivyo. Maji ya ndoo asubuhi hayashikiki. Mume wangu analala na soksi na mablanketi mawili. Mimi saa tisa usiku naamka kifua kinawaka, joto linapanda shingoni hadi usoni, jasho linatiririka mgongoni mpaka shuka linalowa. Natupa blanketi, nasimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, naegemeza shavu ukutani. Baada ya dakika chache baridi inaniingia na ile gauni iliyolowa, natetemeka, narudi kujifunika. Halafu linaanza tena. Usiku mmoja mara nne, mara tano. Asubuhi naamka kama niliyelima usiku kucha, na sokoni nasahau hata chenji niliyompa mteja.

Mwanzoni mume wangu alivumilia. Sasa ananiuliza naamka kusubiri simu ya nani. Tena, naomba radhi kulisema hili, tendo la ndoa linaniuma kama nimewekewa mchanga, kwa hiyo namkwepa. Naye akijumlisha hayo mawili anapata jibu lake.

Sokoni wenzangu wananiona najipepea na kipande cha boksi wakati wao wamevaa makoti. Mmoja akasema pembeni kwamba jasho la namna ile na kukonda ni dalili za ugonjwa ule. Nilikwenda kupima, sina. Malaria nimepimwa mara tatu, sina, ila mara mbili nilipewa dawa hivyo hivyo. Akaja dada mmoja na mashine ya kushika mkononi, akasema imesoma mwili mzima na imeona homoni zangu zimevurugika. Akaniuzia kopo la unga wa soya na mitishamba kwa shilingi 70,000. Limekwisha, sijaona kitu, anasema lazima nimalize makopo matatu.

Jirani yangu alinipa vidonge vya majira vya binti yake, nikavinywa wiki tatu. Mama, joto lilipungua kweli! Vilipokwisha likarudi. Dada yangu wa Tukuyu aliposikia akanigombeza sana, akasema homoni ndizo zinazoleta saratani ya matiti. Nami nina presha, natumia dawa kila siku, nikaogopa.

Naomba uniambie kama kuna chakula cha kuondoa hali hii, na kama hizo homoni ni sumu au ni dawa. Nimechoka.

Nilisahau. Nilipoacha vile vidonge niliona damu kidogo mwezi uliopita, kama siku tatu. Nikafurahi nikidhani ujana umerudi. Haijaja tena.

Ndaga fijo,
Mama wa Uyole

*

Marahaba, mdogo wangu.

Hilo uliloliandika mwishoni kabisa, baada ya kusema umesahau, ndilo ninaloanza nalo. Ile damu.

Mwanamke akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, tunahesabu kwamba hedhi imekoma. Baada ya hapo damu yoyote, hata tone, hata ikiwa na rangi ya chai, haihesabiwi kuwa hedhi. Ni damu ya kutafutiwa sababu. Wewe ulikuwa umeshaivuka miezi hiyo. Nahisi najua ilikotoka: vidonge vya majira vina homoni zinazojaza utando wa ndani ya kizazi, na ukiviacha utando ule unamomonyoka, kama inavyomtokea binti kila amalizapo pakiti. Lakini kuhisi kwangu si kipimo. Kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, kama 9 hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Wengine wengi huwa na utando uliokonda na kuchubuka, au vijinyama visivyo na madhara. Kwa macho hakuna anayeweza kukuambia uko kundi gani. Na usisahau kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo pia huanza na damu kidogo ambayo mtu anaipuuza.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya homoni na kabla ya chakula, nenda Meta, kile kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda, au hospitali yoyote yenye daktari wa magonjwa ya wanawake. Ukifika mapokezi usiseme umekuja kwa sababu ya joto. Sema: “Hedhi yangu ilikoma zaidi ya mwaka, nikatokwa damu.” Maneno hayo yanajulikana na yanaharakishwa. Watakuangalia mlango wa kizazi, watakupiga utrasaundi kupima unene wa utando. Ukizidi milimita 4, wanachukua kipande kidogo kwenda kukichunguza. Kinauma kidogo na kinakwisha haraka. Waambie pia habari ya vile vidonge, usione aibu, maana bila hiyo watahangaika kutafuta sababu ambayo wewe unayo mfukoni.

Kuna neno jingine katika barua yako limenisimamisha. Wenzako walisema umekonda. Je, ni kweli umekonda, au ni maneno yao tu? Kukoma hedhi kwa kawaida hakumkondeshi mtu, wengi wetu hunenepa tumboni. Kama sketi zako zimelegea bila wewe kupunguza kula, mwombe daktari akuangalie mambo mawili zaidi. La kwanza ni kifua kikuu, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au homa za jioni, kwa sababu jasho la usiku ni la kwake pia. La pili ni tezi ya shingoni. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana miaka mingi kwa rovu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi humletea mtu joto, jasho, moyo kwenda mbio na kukonda. Kipimo chake ni cha damu.

Na hao waliokusema pembeni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionesha kwamba Njombe watu wazima wapatao 12.7 kati ya 100 wanaishi na virusi vya UKIMWI, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Maana yake kwenye ile safu yenu ya vibanda karibu kila siku unahudumia au unakaa jirani na mtu anayemeza dawa, na hakustahili kusemwa kama wewe usivyostahili. Ninalitaja kwa sababu wanawake hao nao wanafika umri huu, nao wanatoka jasho usiku na kudhani dawa zimegoma. Kama ni wewe unayesoma, kaulize CTC, kliniki unakochukulia dawa. Baadhi ya ARV, hizo dawa za virusi, hupunguza nguvu ya homoni mwilini, kwa hiyo daktari wa wanawake lazima aijue orodha ya dawa zako kabla hajakuandikia kitu.

Sasa tuje kwenye joto lako.

Ubongoni kuna sehemu inayolinda joto la mwili, inafanya kazi kama mama anayesimamia sufuria ya maziwa yasifurike. Estrojeni ikiwa ya kutosha, mlinzi huyu ana subira, joto likipanda kidogo au kushuka kidogo analiacha. Vifuko vya mayai vikiacha kutoa estrojeni, subira yake inakwisha. Kitu kidogo tu, blanketi, kikombe cha chai, hasira, anaona mwili unaungua, anafungua mishipa yote ya ngozi na kumwaga jasho. Jasho likikauka mwili umepoa kupita kiasi, ndiyo ile tetemeko yako. Kwa hiyo baridi ya Uyole haikusaidii kitu. Mlinzi wako ndiye aliyebadilika, hali ya hewa ni ile ile.

Watu watakuambia uvumilie, litapita. Litapita, ni kweli. Ila utafiti uliowafuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi uliona kwamba nusu yao walikaa na joto hili kwa zaidi ya miaka 7. Miaka saba ya kuamka saa tisa usiku si kitu cha kumwambia mtu avumilie.

Nalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Mimi lilinikuta nikiwa na miaka 49, zamu ya usiku, wodi ya wazazi, mikono yangu miwili imeshika kichwa cha mtoto anayetoka. Mkunga akiwa hapo hawezi kuachia ajifute. Jasho lilianza kwenye paji la uso, likateremka puani, likadondoka kwenye glovu, na yule mama aliyekuwa anasukuma akaniuliza mimi kama naumwa. Mwaka ule nilimeza dawa za malaria mara tatu bila malaria. Daktari niliyemweleza alinijibu “ni umri tu, mama”, akaendelea kuandika. Homoni sikutaka hata kuzisikia, kwa sababu habari aliyokuambia dada yako ndiyo niliyokuwa nayo na mimi. Nilikuwa nimesikia kichwa cha habari, utafiti wenyewe sikuwa nimeusoma. Nikajinyima, na vibaya zaidi, niliwatisha wanawake wengine kwa miaka. Kama wewe ni mmoja wa hao, pale Iringa, naomba radhi.

Kwa hiyo nisikilize kwa makini hapa. Dada yako hakutunga. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Ulikuwa na wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, nusu wakimeza estrojeni pamoja na homoni ya pili aina ya projesteroni, nusu wakimeza vidonge visivyo na dawa. Waliona saratani ya matiti imeongezeka. Imeongezeka kiasi gani? Chukua wanawake 10,000, wakalishe Uwanja wa Sokoine. Kwa mwaka mmoja, wasiomeza dawa, 30 walipata saratani ya matiti. Waliomeza, 38. Ni wanawake 8 zaidi katika uwanja mzima. Kiharusi nacho kiliongezeka kwa 8, na damu iliyoganda na kukimbilia mapafuni kwa 8. Waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Hao 8 ni watu, siwafanyi kuwa si kitu. Lakini kile tulichosikia sisi kilikuwa “homoni ni saratani”, na hicho sicho utafiti ulichosema.

Lingine ambalo halikutufikia: wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi ilikuwa imekoma zamani, mishipa yao ya moyo imeshazeeka. Watafiti waliporudi kuwatazama waliokuwa chini ya miaka 60, au waliokuwa hawajamaliza miaka 10 tangu hedhi kukoma, picha ilikuwa nyingine. Kwa mwanamke wa kundi hilo, mwenye joto linalomkosesha usingizi na asiye na kizuizi, faida huwa kubwa kuliko hatari, na huo ndio mwongozo wa madaktari wa fani hii leo. Na waliokwisha kutolewa kizazi, wanaopewa estrojeni peke yake, kwenye utafiti huo huo saratani ya matiti haikuongezeka. Wewe una miaka 52. Umo ndani ya muda.

Lakini si vidonge vya majira. Hapo dada yako alikuwa na haki ya kukugombeza. Majira yametengenezwa kuzuia mimba, estrojeni yake ni ya aina nyingine, nzito kuliko inayohitajika kutuliza joto. Kwa mwanamke wa miaka 52 mwenye presha inaweza kumletea kiharusi au damu kuganda mguuni. Usinywe tena hata kimoja, na mrudishie jirani asante yake. Ila ushuhuda wako una thamani kwa daktari: mwili wako umeonesha wenyewe kwamba estrojeni ndiyo unayoidai.

Tiba ya homoni ya umri wetu ni dozi ndogo, ya kidonge, ya kibandiko kwenye ngozi, au ya jeli ya kupaka mkononi au pajani. Kwako mwenye presha mwulize daktari kwanza kuhusu inayopita kwenye ngozi, kwa sababu haipitii ini na haigandishi damu kama ya kumeza. Presha yenyewe haikuzuii mradi imeshushwa na inakaa chini, kwa hiyo nenda na daftari lako la vipimo. Kwa kuwa kizazi chako bado kipo, estrojeni usipewe peke yake kamwe. Lazima iambatane na projesteroni ya kulinda utando, vinginevyo utando unajaa na miaka ikienda unaweza kugeuka saratani. Projesteroni nyingine huleta usingizi, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala, na kwa mtu wa saa tisa usiku hilo ni jema. Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache, ipe miezi 3 ndipo mseme imefaa au haijafaa. Kwa wengi hupunguza joto kwa kiasi cha robo tatu.

Asiyetakiwa kuigusa ni mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuipata, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, aliyewahi kupata kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, na mwenye damu ukeni isiyojulikana sababu yake. Unaona sasa kwa nini nilianza na damu? Leo hii wewe umo kwenye hilo la mwisho. Ukipimwa na ukakutwa salama, unatoka. Waulize pia mapema kinachopatikana Mbeya na bei yake kwa mwezi, maana dawa ya kuanza na kukatiza itakuchosha zaidi.

Kama majibu yatakukatalia homoni, bado hujafungiwa mlango. Zipo dawa za sonona ambazo kwa dozi ndogo hutuliza joto, na gabapentini kwa wanaoteseka zaidi usiku. Na mweleze daktari jina la dawa yako ya presha, kwani baadhi, kama amlodipini, zenyewe humpandishia mtu joto usoni.

Kipimo cha homoni usikilipie. Kwa aliyevuka miaka 45, umri na dalili vinatosha. Na ile mashine ya kushika mkononi, mdogo wangu, haijasoma chochote. Homoni hupimwa kwenye damu, maabara. Kiganja hakina habari hiyo.

Umeuliza chakula, na nakujibu nikijua ndicho ulichotaka kusikia kwanza. Chakula peke yake hakitazima joto la mara tano kwa usiku. Anayekuahidi hilo anakuuzia kitu. Soya ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake joto hupungua kidogo baada ya wiki kadhaa za kuila kila siku, kwa wengine hakuna kitu. Ukitaka kujaribu, soya inalimwa huku huku kwetu, nunua sokoni kwa kilo, ioshe, ichemshe vizuri au ikaange hadi iive ndipo usage, maana mbichi inazuia mwili kupata protini. Weka kwenye uji. Hiyo 70,000 ya kopo la pili iwe nauli na utrasaundi.

Kazi kubwa ya chakula sasa ni mifupa na moyo. Estrojeni ikiondoka, mifupa hupoteza madini haraka, hasa miaka ya mwanzo, na bibi anayeteleza kwenye matope ya Tukuyu akavunjika nyonga huenda alianza kupoteza mfupa akiwa na umri wako. Unahitaji kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina karibu 300, na maziwa Mbeya hayako mbali. Usipa wa Kyela ndio hazina yako, lakini ule mzima, na kichwa na mifupa, maana kalsiamu iko humo humo mnamotupa. Niliwahi kumwona mama akichambua usipa kwa mtindo wa kistaarabu, vichwa anampa paka, na paka alikuwa na mifupa mizuri kuliko wote nyumbani. Mboga ya chainizi inakupa kalsiamu inayoingia mwilini vizuri, mchicha nayo inayo lakini nyingi imefungwa, haitoki. Maharage, mayai, parachichi, vyote mnavyo. Punguza tonge la ugali na viazi jioni, ongeza mboga na maharage, kwa sababu mafuta ya tumboni yanazidisha joto na presha kwa pamoja. Chumvi ipungue. Kuhusu chai kali, kahawa, pilipili na pombe, kila mwili una chokochoko yake. Andika kwenye daftari la mauzo, pembeni, kila joto linapokupanda ulikuwa umekula au kunywa nini, kwa wiki mbili. Kwangu ilikuwa chai ya tangawizi ya saa mbili usiku. Kwa wenzangu wa Iringa wengi ni ulanzi.

Chumbani, kila mtu awe na blanketi lake. Weka khanga ya pamba juu ya shuka, yenye kulowa uitoe bila kumwamsha mtu, na gauni la pili karibu na mto. Lile blanketi la manyoya mpe baba watoto. Na kama mnaingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, litoke leo, linaua watu kila msimu.

Ule uchungu wa tendo la ndoa una tiba rahisi kuliko yote uliyoandika, na unasikitisha kwa sababu wanawake wengi wanaubeba kimya hadi ndoa inapoa. Ukuta wa uke umekonda na kukauka kwa kukosa estrojeni. Anza na kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Vaselini iache, inawasha na kukaa ndani. Sabuni isiingie ndani, wala shabu, wala ndimu, wala dawa yoyote ya kubana, hivyo vyote vinachubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Mwulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya ukeni, akishajua ile damu ilitoka wapi. Dozi yake ni ndogo, inafanya kazi pale pale na kidogo sana ndicho kinachoingia kwenye damu. Inatumiwa hata na wanawake wengi wasioruhusiwa ya kumeza.

Kuhusu mume wako. Ameona mke anayeamka usiku, anayekaa gizani, anayemkwepa, na hakuna aliyempa maelezo mengine. Usimweleze saa tisa usiku ukiwa unatetemeka. Mweleze jioni, mkiwa mmekaa, kabla watoto hawajaingia. Chukua mkono wake, uweke shingoni kwako mara joto litakapopanda, akae nao hapo mpaka liishe. Ataisikia ngozi inavyowaka na jasho linavyokuja chini ya vidole vyake, na nina hakika atauliza swali jingine kabisa. Halafu mwombe akusindikize Meta. Akikataa, nenda na dada yako wa Tukuyu, yule anakupenda, kukugombeza kwake kulikuwa na hofu ndani yake. Mpe asome ile sehemu ya uwanja.

Nenda Jumatatu. Niandikie ukishapata majibu ya ile damu, hata liwe neno moja.

Mama Mkunga,
Iringa